Tupeane uzoefu: lupasi ilipofika kwenye figo za kijana

Dada Mkubwa
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 17, yuko kidato cha tano. Mwaka jana alianza na homa za jioni, vidole kumuuma asubuhi, nywele kunyonyoka. Tulitibu malaria mara 2, taifodi mara 1, na UTI sijui mara ngapi, maana kila akipima mkojo anaambiwa kuna "vichafu kidogo". Akiamka macho yamevimba, mama anasema kalala vibaya. Mchana uvimbe unashuka, tunasahau. Mpaka siku viatu vya shule vilipomkataa.

Usiku huo daktari wa zamu, kijana mdogo tu, akamuuliza: "Mkojo wako una povu?" Akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo, kama la sabuni, tangu Pasaka." Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkojo ukapimwa: protini 3+, yaani nyingi mno, presha 160 kwa 100. Vipimo vya damu vikasema lupasi, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na figo ilikuwa imeshaguswa.

Mliopita huku, hasa wenye vijana, ilianzaje na mmefikia wapi? Naomba yaliyowapata wenyewe, si ya kusikia.

Binti wa Igoma
Pole, dada. Mimi niligundulika nina 19, sasa nina 24. Walinitoa kinyama cha figo kwenda kupimwa: unalala kifudifudi, ganzi, sindano inalia "tak" kama stepla, kisha unalala chali masaa mengi huinuki. Majibu yakaja lupasi ya figo daraja la 4 kati ya 6. Nikapewa dawa mbili za kutuliza kinga: dripu 6 za saiklofosfamaidi, moja kila wiki 2, na prednisoloni ya miligramu 5, vidonge 12 kila asubuhi.

Dripu nilizivumilia. Kilichonishinda ni uso. Kwa zile prednisoloni mashavu yalijaa kama ya kichanga, na mtaani watu wananipongeza: "Umenawiri, mji umekukubali!" Figo mbovu, napongezwa! Mwezi wa 5 nikaacha vidonge kimyakimya. Haikufika wiki 3 niko wodini, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) juu, miguu kama magunia. Prednisoloni haiachwi ghafla, inashushwa kidogo kidogo na daktari. Nilikuwa najua, na bado nikaacha. Mdogo wako ukimwona anaganda mbele ya kioo, kaa naye.

Sasa natumia maikofenoleti, nayo ni ya kutuliza kinga. Dokta alinionya nikitaka mtoto nimwambie kabla, kwa sababu dawa hii inadhuru mimba. Ipo ya kubadilishiwa.

Mzee wa Nyota
Hayo ni majina ya kizungu tu. Kuna mizizi inasafisha figo siku 14, nitafute pembeni.

Dada Mkubwa
Mzee wangu, shikamoo. Wewe una lupasi?

Mzee wa Nyota
Marahaba. Mimi sina, ila kuna jirani…

Binti wa Igoma
Mizizi nimekunywa. Pale juu sikuandika kwa aibu: zile wiki nilizoacha vidonge, nilikuwa kwenye mizizi. Endelea, mzee, kuhusu jirani.

Baba Mapacha, Mombasa
Wangu si lupasi, ila ni jamaa yake. Kijana wa miaka 7, baada ya mafua akatoka vidoa vyekundu miguuni na makalioni, ukivibonyeza havipotei, tumbo lamkata, vifundo vimevimba. Nyumbani huyu asema surua, yule asema jicho la mtu. Daktari akatwambia ni kinga yake mwenyewe yashambulia mishipa midogo ya damu. Vidoa viliisha, akarudi kucheza mpira, lakini tukaamrishwa mkojo upimwe miezi 6. Mamake akaona tunapoteza pesa, na wallahi hata mimi nilianza kuchoka. Mwezi wa 2 mkojo ukatoka rangi ya chai ya mkandaa. Kama tungemhukumu kwa ngozi yake, tungesema mzima. Sasa umetulia, twaendelea kupima.

Maabara Tu
Nafanya kazi maabara. "Vichafu" mara nyingi maana yake ni seli za usaha. Ukipewa karatasi ya majibu, mwambie daktari akusomee pia mstari wa protini na wa damu. Na si kila povu ni figo, mkojo wa kasi nao unatoa povu. Likikaa siku baada ya siku, pima. Jingine: wenye viungo kuuma wanajinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani. Figo iliyokwisha kuumia haihitaji dawa hiyo hata kidogo.

Dada Mkubwa
Diklofenaki. Nilikuwa namnunulia mimi, mwaka mzima, kwa ajili ya vidole vyake. Kesho tuna kliniki, nitamwambia daktari.

Povu limepungua lakini. Jana aliniita chooni nikaone.