Naomba ushauri: moduli ya fumbo la kushanti kwa ajili ya klabu, nifuate Inglenook au Timesaver?

Taruma_la_Mti

Wakuu habari zenu. Klabu yetu ya treni ndogo ina layauti (meza ya reli) ya HO, yaani treni zilizopunguzwa mara 87, ya kuunganisha vipande, kila mwanachama anajenga moduli yake afu siku tukikutana tunaziunga zote. Shida yetu ya siku nyingi ni kwamba treni zinazunguka tu, mtu akishapiga raundi tatu nne anaweka kontrola chini anaenda kupiga stori pembeni. Sasa kwenye kikao nikajitolea kujenga moduli ya fumbo la kushanti, yaani mtu anapewa kichwa kidogo na mabehewa yaliyochanganyika, anachota kadi, anatakiwa ayapange kama kadi inavyosema.

Nafasi niliyonayo ni mita 2 na sentimita 40 urefu, kwa upana sentimita 60, nimepanga iwe mbao mbili za sentimita 120 ila fremu bado sijazipiga misumari. Njia kuu ya klabu inapita upande wa mbele na siwezi kuisogeza maana ndo inayoshikana na moduli za majirani.

Nilianza kuchora Timesaver, ile ya John Allen wa Marekani iliyotoka mwaka 1972, pointi tano (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili) na lupu ndogo ya kuzungushia kichwa. Nikabandika tepu sakafuni kwa vipimo halisi, nikaita wenzangu wawili tukawa tunasukuma mabehewa kwa mkono. Mmoja aliipenda sana hakutaka kuondoka, mwingine baada ya dakika ishirini alinyong'onyea kabisa, kila akisogeza behewa anajifungia njia mwenyewe. Na mimi nataka moduli ambayo hata mwanachama mpya wa wiki ya kwanza ataimaliza akatamani kurudia. Inglenook nimeisikia ila naona pointi mbili tu, naogopa itakuwa nyepesi mno. Pia sijui kuhusu umeme, tunatumia DCC, ule mfumo wa dijitali wa kuamuru kila kichwa peke yake kwenye reli zilezile. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijakata mbao.

Shanta_wa_Zamani

Mkuu usiidharau Inglenook kwa sababu ya pointi mbili. Mwingereza Alan Wright aliyeitoa alipiga hesabu vizuri sana. Njia tatu za pembeni, moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na njia ya kuvutia, ile kichwa kinapovutia mabehewa kabla ya kuyasukuma njia nyingine, inabeba kichwa na mabehewa matatu basi. Unaweka mabehewa 8 jumla, kadi inakupa 5 kati ya hayo na mpangilio wake. Piga hesabu mwenyewe, 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4 ni treni 6,720 tofauti, na kila moja inawezekana kupangwa, hakuna kadi itakayomkwamisha mtu moja kwa moja. Hilo ndo jibu la yule mwenzako aliyenyong'onyea, kwenye Inglenook ukikosea unapoteza hatua tu, hujifungii.

Na njia zote zinaelekea upande mmoja kwahiyo huhitaji lupu ya kukizungusha kichwa. Lupu ndo inayokula nafasi kwenye Timesaver.

Ila nikuombe kitu kimoja, usinunue pointi wala usichore chochote kabla hujapanga mabehewa yako mezani ukayapima yakiwa yameungana kapla kwa kapla (kapla ni kile kishikio cha kuungia mabehewa). Fumbo lote liko kwenye urefu wa njia. Njia ya matatu ikiingiza manne fumbo limekufa, ikiingiza mawili na nusu hakuna anayeweza kulimaliza.

Behewa_Jekundu

Mimi nitaitetea Timesaver kidogo. Jina lenyewe linakwambia, ni mchezo wa kushindana na saa, na watu wawili wenye moyo wa kushindana watashinda hapo mchana kutwa. Tulikuwa nayo kwenye klabu yangu ya kwanza, na mimi kushanti nimejifunzia pale, kufikiria hatua nne mbele kabla ya kugusa kontrola.

Lakini nakubali mambo mawili. Kwanza haifanani na reli ya kweli, maana reli ya kweli inajengwa ili kazi iwe rahisi, hakuna injinia anayeweka njia za viwanda zitegane makusudi. Pili kwa mgeni ni ngumu. Kama lengo lako ni wanachama wapya basi jenga Inglenook, na nasema hivyo nikiwa naipenda Timesaver kwa moyo wote.

fundi_waya

Nakuja kwenye umeme maana hapo ndo moduli nyingi za kushanti zinafia.

Kichwa cha kushanti ni kifupi na kinatembea polepole, kikifika juu ya frogi (pale katikati ya pointi reli zinapokutana) ya plastiki isiyo na umeme kinazima palepale, afu mtu anakisukuma kwa kidole. Ukifanya hivyo mara kumi ladha yote imeisha. Nunua pointi zenye frogi ya chuma, frogi iwe na waya wake unaopita kwenye swichi ya mota ya pointi ili ukigeuza pointi na umeme wa frogi ugeuke. Kama dekoda yako (ile chipu ya DCC ndani ya kichwa) inakubali kapasita ya kutunza umeme weka pia, vyote viwili vinasaidiana. Na kila kipande cha reli kiwe na waya wake kutoka chini, usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, vinalegea na vinashika kutu.

La pili ni shoti. Mtu anayefikiria fumbo atapita kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya, hilo litatokea kila siku. Kwenye DCC shoti moja inaweza kuzima layauti nzima, treni zote za klabu zinasimama kwa sababu ya kichwa kimoja kule kwenye fumbo. Kata reli zote mbili panapoungana na njia kuu, afu ulishe fumbo kupitia sakiti breka yake ya DCC. Likipiga shoti linazima fumbo peke yake, njia kuu inaendelea. Ukishaunga pitisha kichwa juu ya ule mkato polepole, breka ikiruka badilisha waya mbili za kulisha fumbo, zimekaa kinyume.

Dada_Pointi

Taruma swali dogo, njia kuu iko mbele na fumbo liko nyuma yake, sasa mtu ataachanisha mabehewa vipi? Kama ni kwa kijiti maana yake ananyoosha mkono juu ya njia kuu huku treni za wenzake zinapita. Nimeona treni nzima ikiangushwa na mkono wa shati, sitaki yakukute.

Mimi ningeweka kapla za Kadee, zile zinazoachana kwa sumaku, na sumaku chini ya reli, sumaku moja mdomoni mwa kila njia ya pembeni, mkono hauvuki. Ila usiweke sumaku ya kudumu kwenye njia kuu, treni ikilegea kidogo juu yake inaachana bila mtu kutaka. Na mabehewa yawe na uzito wa kutosha, mepesi yanarukaruka ukiyasukuma. Kipimo cha NMRA (chama cha treni ndogo cha Marekani) kwa HO ni gramu 28 za kuanzia, afu unaongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Mimi tangu niyapime mabehewa yangu yote kwenye mizani ya jikoni yameacha kudondoka kwenye pointi nikiwa narudi nyuma, nilikuwa nalaumu reli kumbe ni uzito.

Majengo marefu yaweke nyuma kabisa, usizibe mdomo wa njia yoyote. Mtu lazima aone kapla.

Taruma_la_Mti

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana nimekaa na rula. Behewa langu la futi 40 (huo ni urefu wa behewa la kweli) ni sentimita 16 kapla kwa kapla. Kichwa changu sentimita 17, ila mwenzangu mmoja ana cha sentimita 21 na lazima nacho kitumike. Kwahiyo njia ya kuvutia ni 48 ya mabehewa na 21 ya kichwa, jumla 69, nimeweka 73. Nikaogopa nikitumia kile kifupi yataingia manne, nikapiga hesabu, 64 na 17 ni 81, hayaingii, niko salama. Njia za matatu nimeziweka 52, ya matano 84.

Njia ndefu nimeitoa kwenye pointi ya kwanza na zile fupi mbili kwenye ya pili, hapo njia zote zinaishia karibu usawa mmoja na fumbo zima linakaa ndani ya mita moja na sentimita 90. Ila kuna tatizo, nikianza sentimita 5 kutoka ukingoni pointi ya pili inaanza 101 inaishia 124, yaani inakaa juu ya kiungo cha mbao mbili pale 120!

Shanta_wa_Zamani

Vizuri umeliona sasa hivi na sio baada ya kupiga gundi. Pointi haikai juu ya kiungo kamwe. Si umesema fremu hujazipiga, kata moja 140 na nyingine 100, klabu inaangalia ncha za nje tu, katikati ni mambo yako. Kwenye 140 njia zimeshaachana, reli zinavuka zikiwa zimenyooka, pigilia skrubu za shaba kwenye mbao chini ya kila reli pande zote mbili za kiungo, lehemu reli juu ya skrubu, ndo ukate.

Afu una sentimita 45 zimebaki upande wa kulia. Endeleza ile njia ndefu iungane na njia kuu kwa pointi moja, treni ya klabu ije ishushe mabehewa kweli kweli. Kumbuka tu ni treni inayotoka kushoto kwenda kulia itakayoweza, inaipita pointi afu inarudi nyuma, na mabehewa ya kushusha yawe mkiani. Inayotoka kulia itaingia kwa kichwa na kichwa kitabaki ndani. Wakati wa fumbo hiyo pointi inafungwa kwenye njia kuu, na pale sentimita 84 paka taruma moja (kile kibao cha chini ya reli) rangi nyeupe, behewa lisivuke hapo.

Taruma_la_Mti

Nimerudi na ripoti. Nimebandika tepu upya kwa vipimo hivyo, kiungo kimehamia 140. Nimemwita yule yule aliyenyong'onyea siku ile, sikumwambia ni fumbo gani. Kadi ya kwanza ilimchukua muda mrefu, alikuwa anajaza njia zote fupi anakosa pa kuachia behewa. Kadi ya pili akagundua mwenyewe kwamba lazima abakishe nafasi moja wazi muda wote, akamaliza. Akachota ya tatu bila kuambiwa, ya nne pia, tumetoka pale usiku.

Mbao nakata Jumamosi. Fundi_waya nitakutafuta inbox kuhusu breka, nataka nielewe niiweke chini ya fremu ipi kabla sijatoboa matundu ya waya.

fundi_waya

Iweke kwenye ile ya 140 karibu na njia ya kuvutia, waya za pointi zote mbili ziko huko huko. Upande wa 100 utapeleka waya mbili nene tu na plagi moja kwenye kiungo. Nitumie mchoro ukiwa tayari, nitaupitia.