Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar: tumdai nini hasa?

Mwanawete
Asalaam aleikum. Tarehe 31 Julai 2010 nilipiga kura ya maoni skulini kwetu Wete, ya kukubali au kukataa serikali ya umoja Zanzibar, nikatia NDIYO. Asiyeishi Pemba miaka ile hawezi kujua uzito wake. Tangu uchaguzi wa 1995 jirani yetu, nyumba ukuta kwa ukuta, hakununua hata kibiriti dukani kwa baba, na siye hatukwenda mazikoni kwao. Vyama tu! Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa chama cha upinzani CUF, walipokutana, haukupita muda mzee yule akapiga hodi na birika la kahawa. Walikaa barazani na baba mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo chama kilichoshika nafasi ya pili hutoa Makamu wa Kwanza, siipingi. Ila Katiba inasema Makamu wa Kwanza ni mshauri mkuu wa Rais, na kazi zake ni zile atakazopangiwa na Rais. Sasa maji yasipotoka wiki mbili, mimi niliyekipigia kura chama chake nimbane nani? Akinijibu "sikupangiwa hiyo"?

MzeeDarajani
Mwanangu, uchaguzi wa 2010 Dk. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Bila ya umoja, nusu ya nchi ingekaa nje miaka mitano. Mawaziri wa CUF waliingia, Juma Duni akapewa Afya. Tuliozika watu waliouawa kwenye maandamano ya Januari 2001 tunaiona hiyo si haba.

Ng'ambo84
Mzee, shikamoo. Lakini 2015 matokeo yakafutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Maalim alipoapishwa tena Disemba 2020. Katiba ilikuwa ile ile. Kumbe kilichokuwa kimeshikilia ni nia za watu wawili.

Mwanawete
Marahaba kwa niaba ya mzee 😊 Hapo ndipo panaponiuma. Kazi zake ziandikwe kwenye sheria, moja moja, na bajeti yake. Kwenye Baraza la Wawakilishi maswali ya ofisi yake hujibiwa na Waziri wa Nchi. Nataka mwenyewe asimame aulizwe, na sisi tusikie redioni.

Baba alipofariki, jirani yule ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwani. Sitaki wanangu warudi kule kwa sababu wakubwa wamenuniana tena Unguja.