Nguzo ya Vasco da Gama Malindi: ibaki au ing'olewe?

Kaskazi (mleta mada)

Wanamjadala, salaam. Nguzo ya Vasco da Gama mnaijua. Hata ambaye hajafika Malindi ameiona kwenye kalenda: mnara mweupe juu ya mwamba unaoingia baharini, na msalaba wa jiwe kileleni. Msalaba waliuleta Wareno kutoka kwao. Huo mnara unaoubeba ni kazi ya karne ya 19, ulijengwa kuuzuia usianguke. Siku zote kuna kundi linalotaka ing'olewe, kama sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes ilivyoondolewa pale Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2015, na kuna kundi linalosema iachwe, ni urithi na ni riziki. Tujadili.

Mimi nasema ibaki. Ila kwanza tukubaliane inakumbusha nini, maana ule wimbo wa shuleni kwamba Da Gama "aligundua" pwani yetu hauna mashiko. Msafiri Ibn Battuta alikuwa Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Na Da Gama mwenyewe alipotia nanga Aprili 1498 alikuta vyombo vinne vya Wahindi bandarini. Rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, hakumpata kwa wema tupu pia: mtu wa karibu wa mfalme alipopanda melini, Da Gama alimzuia mpaka rubani aliyeahidiwa aletwe. Hayo yaliandikwa na Mreno aliyekuwa safarini, si maneno ya kijiweni.

Jiwe lilisimamishwa wakati wa kurudi, Januari 1499. Walikuwa wamekaa baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kimewaua wengi, waliobaki wanajikokota. Mfalme wa Malindi akawapa machungwa kwa ajili ya wagonjwa, akatoa pembe ya ndovu ipelekwe kwa mfalme wa Ureno, akaridhia jiwe lisimame. Siku chache baadaye, upande wa Tanga, Wareno wakaichoma meli yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Malindi ingetaka kuwamaliza, ingewamaliza asubuhi moja. Haikutaka. Ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa, na wageni wenye mizinga walikuwa silaha iliyojileta yenyewe.

Kwa hiyo ile nguzo ni ushahidi wa makubaliano, na upande mmoja wa makubaliano ni sisi. Anayetaka kuing'oa aniambie anafuta aibu ya nani.

BintiKilwa

Kaka Kaskazi, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu wa Malindi. Hayo machungwa walioyalipia ni wengine.

Da Gama alirudi 1502, safari hii na msafara wa kivita. Akamlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa dhahabu kila mwaka, la sivyo mji upigwe mizinga. Ile dhahabu ya Kilwa ikapelekwa Lisbon, ikafuliwa chombo cha kanisani cha kuwekea ekaristi, kikakamilika 1506. Kipo mpaka leo katika makumbusho huko Lisbon, kinaitwa Custódia de Belém, kimezungushiwa mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Ni kizuri kweli. Tatizo ni risiti yake.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, jemadari wa Ureno. Ibrahim alikimbia, mji ukaporwa, wakamsimika Muhammad Ankoni, mtu wao, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaihama ngome hiyo hiyo. Yaani waliuvunja mji uliokuwa ukisimamia dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, halafu wakaona hauwalipi, wakajiondokea.

Ninyi mna nguzo ya kupigia picha, sisi tuna magofu. Unaposema "upande mmoja ni sisi", hiyo "sisi" ina nani ndani? Mimi simo.

Mgeni wa Mtwapa

Kwa hiyo fidia mnaidai Lisbon au Malindi? Nauliza tu, niwaandalie wakili.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu BintiKilwa, machungu yako nayaelewa, ila tusiipambe Kilwa ya 1500 kuliko ilivyokuwa. Ibrahim huyo hakuwa sultani wa ukoo, alikuwa amiri aliyejitwalia madaraka, na mji ulikuwa umegawanyika kabla Mreno hajaonekana. Ndiyo maana Almeida hakukosa mtu wa kumsimika. Utawala wa Kilwa juu ya Sofala ulikuwa umeanza kulegea.

Jingine ni hili linalosemwa sana kwamba "Wareno waliua biashara yetu". Walitaka kuihodhi, na kuihodhi wakashindwa. Dhahabu ya bara haikununuliwa kwa mizinga. Ilinunuliwa kwa vitambaa vya Gujarat, India, na shanga, na Wareno hawakuwa na vitambaa ambavyo watu wa Zambezi walivitaka. Ikabidi nao wavifuate huko huko Gujarat! Huku wafanyabiashara Waislamu wakahamia Angoche, pwani ya Msumbiji, na midomo ya mito, wakapitisha dhahabu na pembe za ndovu kwa njia zisizokuwa na ngome. Baadaye Pate, kule Lamu, ikanawiri, miji mingine ikafa. Biashara ilihama, haikuzikwa.

Kilichobadilika kwa hakika ni bahari yenyewe. Kabla ya hapo hakuna dola iliyodai kwamba bahari ya Hindi ni mali yake. Ulilipa ushuru ukifika bandarini, ukiwa njiani ulikuwa wa Mungu na pepo za msimu. Wareno wakaja na cartaz, cheti cha kusafiria: chombo kisicho nacho ni halali kukamatwa, na chenye nacho lazima kipite kwenye forodha zao kulipa. Nahodha aliyezoea kwenda Cambay, bandari ya Gujarat, na kurudi akajikuta anaomba ruhusa ya kwenda mahali alikokwenda babu yake. Hilo ndilo geuzo kubwa, na ni geuzo la bunduki, halikuwa la ufundi wa biashara.

Na msiifananishe pwani hii na Marekani ya Columbus kama nilivyoona wengine wakifanya. Kule ndui na surua viliwafagia wenyeji, Wataino wa visiwa vya Karibi karibu watoweke katika muda wa kizazi kimoja au viwili. Huku maradhi ya Ulaya hayakuwa mageni, na malaria ilikuwa upande wetu. Aliyekuwa akizikwa kwa homa ni Mreno. Ndiyo maana walibaki kwenye ngome za ukingoni, na bara lilibaki na wenyewe kwa muda mrefu.

Nikimaliza: anayesema hawakuleta chochote ale sima leo bila mahindi, na asiguse muhogo wala korosho. Vyote asili yake ni ng'ambo ya Atlantiki, na njia vilivyopitia tunaijua.

Mgeni wa Mtwapa

Mwalimu, kwa sima hapo umenigusa pabaya.

BintiKilwa

Mwalimu, shikamoo. Mahindi yangekuja hata bila kuchoma mji. Mkorosho haukuhitaji mzinga ili uote Lindi.

Maskati Kwetu

Naona mnazunguka bila kumtaja aliyewatoa hao Wareno. Wenyeji waliomba msaada Oman, Ngome ya Yesu ikazingirwa tangu 1696 na ikaanguka Desemba 1698. Na rubani mnayemzungumza alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, Uarabuni. Mpeni mtu haki yake.

Kaskazi

Shehe, hilo la Ibn Majid linapendwa, lakini halisimami. Aliyelisema ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, tena miongo mingi baada ya tukio. Waandishi wa Kireno wanamtaja rubani wa Gujarat. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee, na sioni kwa nini tumbebeshe lawama za kuwaongoza Wareno kana kwamba ni sifa.

Kisiki cha Mpingo

Haya, tuseme na lingine linaloogopwa. Mnang'aka kwa nguzo ya Mreno, lakini huyo huyo Malindi aliyekufa karne ya 17 alifufuliwa miaka ya 1860 na nani? Na utawala wa Zanzibar, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Mtama ule ulipakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Wajukuu wa waliolima wapo Malindi hadi leo. Ukumbusho wao uko wapi? Nyinyi mnabishana kuhusu jiwe la watu waliopita miaka mia tano iliyopita kwa sababu hao hawana ndugu mtaani wa kukasirika.

Maskati Kwetu

Hiyo mada fungua yako. Hapa tunazungumza Wareno.

Kisiki cha Mpingo

Ndiyo hivyo hivyo kila mara.

Mwongoza Wageni

Mimi kazi yangu ni pale. Naomba mnisikilize kidogo kwa sababu nyote mnaandika kama watu wanaopita.

Mgeni akifika, ana dakika chache kabla hajarudi kwenye gari. Waitaliano ndio wengi kwetu, na wengi wao huuliza kama Da Gama amezikwa pale. (Hapana, alifia Cochin, India, mwaka 1524.) Nikiwaambia mfalme wa Malindi alikuwa na hesabu zake, wanashtuka, kwa sababu walidhani wenyeji walisimama ufukweni wakishangaa meli. Hapo ndipo kazi inapokuwa na ladha. Ukiiondoa nguzo sitakuwa na pa kusimama nikayasema hayo. Kusema mbele ya mwamba mtupu? Nani atalipa?

Na wanaotaka kuing'oa wajue bahari imewatangulia. Mwamba unaliwa na mawimbi kwa chini. Swali la haraka ni je, fedha za kuulinda zitoke wapi, na kama ni halali kuzitumia kwa jiwe hilo huku makaburi ya zamani ya mji yakiota magugu. Mimi ningeanza na makaburi, ingawa ndilo jiwe linalonilisha.

Mvita

Nimekaa kimya muda wote nikingoja mtu aitaje Mombasa kwa kirefu. Hakuna, kwa hiyo nitaitaja.

Agosti 1505, Almeida akitoka kuipora Kilwa, alikuja kwetu. Mombasa ilipigana kwenye vichochoro na juu ya madari, ikachomwa. Baada ya hapo mfalme wa Mombasa aliandika barua, na habari zake zimo katika kumbukumbu za Wareno wenyewe. Anasimulia kwamba hakuachwa mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto, na kwamba harufu ya maiti inamzuia kuingia mjini kwake. Barua hiyo alimwandikia nani? Alimwandikia Ali, mfalme wa Malindi. Adui yake, rafiki wa waliomchoma. Alimwandikia ili amwonye.

Kaskazi anataka tuheshimu makubaliano ya Malindi. Sawa, tuyasome mpaka mwisho. Mombasa ikachomwa tena 1528, ikaporwa tena 1589. Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu 1593, na wakamleta mtawala wa Malindi akae Mombasa kama zawadi ya uaminifu wa karibu miaka mia. Malindi yenyewe ikabaki mahame, watu wamehamia kulikohamia ushuru. Mwana wa mtawala huyo, Hasan, akagombana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa 1614 kwa fitina yao. Mjukuu, Yusuf, alikuwa mtoto. Wakampeleka Goa, makao yao makuu India, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamlea, wakamrudisha 1626 awe mfalme wa Kikristo wa Mombasa. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamchoma kisu kapteni, akautangaza Uislamu wake, na Wareno wa Mombasa wakauawa.

Huyo ni mtoto wa nyumba ya Malindi. Ule ukoo uliopokea jiwe ndio uliokuja kulipinga kwa damu, vizazi vichache tu baadaye. Kwa nini hadithi pale nguzoni inaishia 1499?

Kwa hiyo mimi siing'oi. Nataka barua ya 1505 ichongwe kwenye jiwe la ukubwa ule ule, isimamishwe mkabala na msalaba, na jina la Yusuf bin Hasan chini yake. Mtalii apige picha vyote viwili.

Mwongoza Wageni

Hiyo ningeisimulia bila kulipwa.

Kaskazi

Mvita, kwa barua nakubali, hata sijui kwa nini haijafanyika. Kwa Yusuf nasita. Aliwaua na wanawake na watoto, na Waswahili Wakristo waliokataa kurudi kwenye Uislamu. Ukimweka kwenye jiwe kama shujaa, mwingine naye atakuja na kampeni ya kuliondoa.

Mvita

Sikusema shujaa. Nilisema jina lake.

Mwalimu Mstaafu

Tahadhari na wingi wa mabango. Kilwa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, Ngome ya Yesu tangu 2011, na bado mwanafunzi anamaliza kidato akijua tarehe ya Da Gama kuliko jina la sultani yeyote wa pwani. Mtihani ndio unaofundisha, jiwe halifundishi.

BintiKilwa

Mnaelewana haraka mno. Jiwe mkabala na jiwe, wageni wapige picha, wote turidhike. Mimi swali langu liko Lisbon. Kile chombo cha dhahabu kinatajwa kuwa ni cha "ushuru wa Kilwa", kana kwamba Ibrahim alikwenda kulipa kodi ya nyumba.

Mwalimu Mstaafu

Kisheria si sawa na kitu kilichobebwa kwenye jumba la mtu, binti yangu. Kilitolewa kwa mkataba, hata kama mkataba wenyewe ulikuwa wa shinikizo. Na dhahabu imeyeyushwa, ikawa kazi ya sonara wa Kireno. Utarudishiwa nini, mitume?

BintiKilwa

Sijasema nirudishiwe. Waandike pembeni ya kioo kwamba mitutu ilikuwa imeelekezwa mjini siku ilipotolewa, na mwaka huo, na jina la mji. Kama Malindi inatakiwa iseme ukweli chini ya msalaba wao, na wao waseme chini ya dhahabu yetu. Waanze wao.