Mikopo ya asilimia 10: mkikata pesa nusu, msituulize kuku wamekwenda wapi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na una hesabu ndani. Anayetafuta vijembe vya vyama apite kimya kimya.

Hapa Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila ripoti ikisomwa tunaambiwa vikundi hivi ni wadaiwa sugu. Matapeli wapo. Vikundi hewa vilikuwepo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aliviandika, na mikopo ikasimamishwa Aprili 2023 hadi iliporudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hapo sina ubishi. Kinachonikera ni kikundi halali, kina watu wake na banda lake, kinaomba milioni nne, kamati inakipitishia mbili, halafu walewale waliokata ndio wanaokuja na gari la halmashauri kudai marejesho ya mradi waliouua wenyewe mezani.

Tupige hesabu. Kuku wa nyama 500, mkupuo mmoja. Vifaranga kwa 1,800 kila mmoja ni 900,000. Chakula: weka kilo tatu na nusu kwa kuku mpaka wiki ya tano, ni kilo 1,750, yaani mifuko 35 ya kilo 50. Kwa 75,000 mfuko, 2,625,000. Chanjo ya kideri na Gumboro, vitamini, maranda, mkaa na taa, laki nne inakatika bila hata kugeuka. Jumla 3,925,000. Bei za kwenu zinaweza kupanda au kushuka, lakini uwiano haubadiliki sana: theluthi mbili ya pesa ni chakula.

Sasa ingiza milioni mbili. Vifaranga wameshawekewa oda, banda ni la kuku 500, kwa hiyo 900,000 imekwenda. Laki nne ya chanjo na joto hukwepi, ukikwepa kideri kitakufuata. Imebaki laki saba: mifuko tisa. Gawanya kwa kuku 500, unapata gramu 900 kila mmoja. Hapo wiki ya tatu haijaisha. Kuku ana nusu kilo na ushei, hakuna mchuuzi anayemtaka, na stoo hakuna kitu. Akina mama wanaanza kuchangishana, wakishindwa wanachanganya pumba. Kuku anadumaa, wanaanza kudonoana, aliyetakiwa kutoka wiki ya tano anatoka wiki ya saba au ya nane akiwa ameshakula faida yote pamoja na mtaji.

Mtaniambia si wanunue vifaranga 250 tu. Sahihi kabisa, na hata 250 itabana, maana banda, taa na mkaa havipungui nusu kwa sababu kuku wamepungua nusu. Lakini andiko la mradi limesema 500. Afisa akija kukagua anashika andiko, anahesabu, anaandika "kikundi kimekiuka mpango". Nani aliwaambia kwamba kiasi kikipunguzwa andiko nalo liandikwe upya KABLA ya kusaini mkataba? Hakuna. Mnaitwa, mnasomewa kiasi, mnasaini, mnapigwa picha.

Kwa nini wanakata? Hapa ndipo wengi hawaelewi, wanadhani ni roho mbaya tu. Sheria ya Fedha ya 2018 iliingiza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, bila riba: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ila hiyo asilimia inapigwa baada ya kutoa mapato lindwa, yaani pesa ambazo zina kazi yake maalumu, kama makusanyo ya hospitali. Chukua halmashauri ya mfano inayokusanya bilioni tatu, bilioni moja ni lindwa. Asilimia 10 ya bilioni mbili ni milioni 200. Fungu la wanawake ni milioni 80. Kata zake ni 20. Ukigawa sawa, kila kata milioni nne, na kata moja inaweza kuwa na vikundi kumi vimeomba. Kuna marejesho ya nyuma yanayotakiwa kuzunguka, ndiyo, lakini mnajua wenyewe yanavyorudi.

Basi diwani hataki kata yake ikose, mwenzake hataki yake ikose, na kila kikundi kina wapiga kura. Suluhisho linakuwa ni kunyunyizia: huyu milioni moja, yule moja na nusu. Kwenye taarifa inasomeka vikundi 60 vimewezeshwa. Inapendeza! Vikundi 60 vimegawiwa mtaji wa vikundi 20, na mwakani vyote 60 ni wadaiwa. Ningekuwa na uwezo ningelazimisha jambo moja tu: kikundi kikishapita uhakiki kipewe kiasi chote kilichothibitika, au kisipewe kabisa na kisubiri kwenye foleni iliyobandikwa ubao wa matangazo wa kata, namba moja mpaka ya mwisho, kila mtu aione.

Kalenda nayo. Mwaka wa fedha unaanza Julai, makusanyo yanaingia kidogo kidogo, na halmashauri nyingi zinakimbizana kutoa pesa robo ya mwisho ili Juni isiwakute na fungu halijatoka. Kilimo hakijui robo ya nne. Kikundi cha mahindi huko kwenye mvua za msimu mmoja kinahitaji mbegu na mbolea ya DAP Novemba. Ukikipa pesa Mei umekipa pesa ya kula. Kikundi cha kushona sare za shule soko lao ni Desemba na Januari, wewe unawakabidhi cherehani Machi. Na kuna ile hundi ya bango, ndefu kuliko wanaoishika. Pesa ipo tayari ila inasubiri mgeni rasmi apate nafasi, wiki tatu, nne, mwezi. Nimechoka na hundi za mabango jamani.

Muda wa kuanza kurejesha ni balaa jingine. Kuku wa mayai anaanza kutaga wiki ya 18 mpaka ya 20, na mwanzoni anataga kwa kudokoa. Kama mkataba wenu unasema rejesho la kwanza ni baada ya miezi mitatu, hiyo ni wiki ya 13. Mnadaiwa zaidi ya mwezi mzima kabla ya yai la kwanza, wakati kuku wanakula kila siku. Someni hicho kipengele kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kama hakiendani na mradi, ombeni kwa barua kibadilishwe, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Karatasi. Maombi mengi yanakwama kwa vitu vidogo ambavyo hakuna anayewaambia. Jina kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mwanahamisi, benki ni Mwanaamisi, basi mfumo unagoma, na kikundi kizima kinakaa kusubiri herufi moja. Mwanachama mmoja alishaandikishwa kikundi kingine miaka ya nyuma akasahau: kikundi kizima kinawekwa pembeni. Muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo umesainiwa na viongozi tu, bila mahudhurio. Katiba inasema watia saini ni watatu, benki wamejaza wawili. Kagueni haya wenyewe kabla ya kupeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa sababu mkirudishwa mtaambiwa "kuna mapungufu" basi. Yapi? Rudini Jumatatu. Dai maandishi. Kama limekataliwa, liandikwe limekataliwa kwa sababu gani na kamati ya ngazi ipi, kata, halmashauri au uhakiki wa wilaya, maana mlango wa kulalamikia ni tofauti.

Halafu unakuta fungu la watu wenye ulemavu linashughulikiwa ghorofa ya pili, ngazi tupu, lifti hakuna. Sijui niseme nini.

NYONGEZA, maana naona maswali yanajirudia huko chini:

Anayeuliza kama timu ya mpira ya mtaani inaweza kuomba: pesa hii ni ya shughuli ya kuzalisha kipato, jezi na mipira haimo. Vijana wa timu wanaweza kuunda kikundi cha kushona na kuchapa jezi, hapo sawa, ila kiwe kikundi kweli chenye katiba yake, msipeleke cheti cha klabu.

Mkuu uliyesema mwenzenu ametoroka na sehemu yake ya mkopo: kosa lilikuwa kugawana. Mkopo ni wa kikundi, deni ni la kikundi, na mlipogawana taslimu kila mtu akaondoka na laki tatu zake mlivunja mradi siku hiyo hiyo. Lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, hata kama ni elfu hamsini, mpate risiti. Msimpe mtu yeyote mkononi, awe mweka hazina wenu au ofisa aliyekuja na pikipiki kuwasaidia kupeleka.

Na aliyeulizwa "pesa ya mafuta" ili banda likakaguliwe: ukaguzi ni kazi ambayo ofisa huyo analipwa mshahara. Andika tarehe, jina na kiasi alichotaja, peleka TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wilayani au piga 113. Ni bure.