Kufungua manifoldi ya hewa ya Fielder nyumbani, niko Nakuru. Nianzie wapi?

LanetJuu (mwenye uzi)

Wazee, salamu. Nina Fielder ya 2008, injini ya 1NZ. Siku hizi nikiiwasha na kuiacha imesimama bila kukanyaga mafuta, revu hazitulii: zinapanda hadi 1,300, zinashuka mpaka inataka kuzima, zinapanda tena. Nikifungua boneti nasikia mluzi mwembamba upande wa manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na skana ya bluetooth niliyoazima inatoa kodi ya hitilafu P0171. Ajabu ni kwamba barabarani gari haina neno. Juzi nimeenda nayo Eldoret, mlima wote wa Timboroa imevuta vizuri na watu wanne ndani.

Gereji moja hapa town waliisikiliza dakika moja wakasema ni gasketi ya manifoldi, ile inayoziba maungio yake na injini. Niache gari siku mbili, kazi elfu nane, gasketi ninunue mwenyewe. Huenda wako sawa. Lakini boksi la soketi ninalo, subira ninayo, na Jumamosi sina kazi. Naweza kuifungua mwenyewe kwenye ploti? Kipi hasa huharibika mtu akikosea?

La pili: jirani alinipimia na geji ya vakyumu ikasoma inchi 13 za zebaki. Mtandaoni wanasema injini nzima husoma 18 hadi 21. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Injini imekwisha?

FundiKibuye

Soketi weka chini kwanza, ndugu yangu. P0171 haikuambii ni gasketi. Inakuambia tu kwamba kompyuta imeona hewa nyingi kuliko mafuta, ikaongeza mafuta mpaka ikachoka kuongeza. Sababu ni nyingi: hosi iliyopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyozeeka, filta, na ndiyo, gasketi ya manifoldi pia.

Hiyo skana usiirudishe bado. Tafuta ukurasa unaoonyesha trimu ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Injini ikiwa moto, soma ikiwa imesimama tu, kisha shikilia revu 2,500 usome tena. Hewa ikivujia baada ya throto (lango la hewa linalofunguka ukikanyaga mafuta), trimu huwa juu gari ikiwa imesimama, halafu hushuka ukiongeza mafuta, kwa sababu throto ikifunguka hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana Timboroa hukuona shida. Lakini trimu ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, hiyo ni sensa ya hewa au mafuta hayafiki, na manifoldi utakuwa umeifungua bure.

MwalimuWaNjoro

Naomba nijibu la geji, maana nimeona watu wakiuziwa injini nzima kwa sababu hiyo. Namba 18 hadi 21 zimeandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Geji ya vakyumu inalinganisha hewa ya ndani ya manifoldi na hewa ya nje, na hewa ya nje ya Nakuru si ya Mombasa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu. Pwani kanieneo ya hewa ni kama inchi 30 za zebaki, kwetu ni kama 24. Toa hizo inchi 6 kwenye zile namba za mtandaoni, unabaki na 12 hadi 15. Kwa hiyo 13 yako ni ya kawaida kabisa. Fundi wa Kisumu, aliye kama mita 1,130, atasoma juu kidogo kuliko wewe kwa injini ileile.

Tazama zaidi mshale kuliko namba. Ukitulia, vizuri. Ukitetemeka kwa mpigo mmoja unaojirudia, huenda kuna valvu isiyofunga. Uvujaji mdogo wa gasketi geji inaweza isiuonyeshe kabisa, hasa kwa gari lenye throto ya umeme, kwa sababu kompyuta inairekebisha throto yenyewe.

Section58_Boy

Mnampeleka mbali sana. Chukua silikoni nyekundu, paka pale kwenye maungio kwa nje, subiri ikauke. Mia tatu tu na gari inatulia.

FundiKibuye

Inatulia wiki moja. Petroli na mvuke wa oili vinaila, kisha kipande kinanyonywa ndani na kukaa kwenye valvu. Na atakayefungua baadaye atakuwa na kazi ya kukwangua. Tafadhali.

Section58_Boy

Sawa mzee, nimenyamaza.

LanetJuu

Nimepima. Imesimama: ya muda mrefu +18, ya muda mfupi inaruka kati ya +5 na +9. Kwa revu 2,500 ya muda mrefu inashuka hadi +4 na ya muda mfupi inacheza karibu na sifuri. Mwalimu, asante, nimelala.

FundiKibuye

Basi unavuja. Sasa tafuta wapi.

MamaProbox

Mimi naendesha Probox ya biashara, Kakamega mpaka Mumias, injini ni hiyohiyo yako, kwa hivyo nisikilize kaka. Anza na hosi kabla ya gasketi. Kuna ya buster ya breki, kuna ya PCV inayorudisha mvuke wa oili ndani, kuna ya valvu inayonyonya mvuke wa tangi la petroli. Zote zinaishia kwenye manifoldi na zote ni mpira wa umri wa gari. Zikunje kwa vidole, hasa kwenye kona na pale mwisho zinapoingia. Ufa mwingi hujificha upande wa chini. Halafu kanyaga breki injini ikiwa inanguruma. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, au revu zikibadilika ukikanyaga, buster na hosi yake ndiyo unaanza nayo.

Hosi zikiwa nzima, chukua chupa ya kupuliza yenye maji ya sabuni, upulize kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mluzi ukikatika ghafla au injini ikibadilisha sauti, umefika. Watu wengi hutumia dawa ya kusafisha kabureta, na kweli inajibu haraka zaidi kwa sababu injini inaila kama mafuta. Lakini ile inawaka. Ikigusa egzosi ya moto utakimbia ukiacha gari. Kama ni lazima uitumie, injini iwe imewashwa sasa hivi, bado baridi, na kizima moto kiwe mkononi, si ndani ya buti.

LanetJuu

Hosi zote ziko sawa, isipokuwa ya PCV imekuwa ngumu na nitaibadilisha hata hivyo. Pedali iko laini. Kwa maji ya sabuni, hakuna kitu silinda ya nne, ya tatu wala ya pili. Nilipofika ya kwanza, upande wa fen belti, mluzi ukakatika na revu zikatulia sekunde kadhaa, kisha ukarudi. Nimerudia, ni palepale.

Kwa hiyo gereji walikuwa sawa. Nafungua Jumamosi. Mnielekeze.

FundiKibuye

Walikuwa sawa, lakini sasa unajua, si unabahatisha. Soma yote kabla ya kushika spana.

Injini iwe baridi ya asubuhi, si ile ya "nimeizima saa moja iliyopita". Kichwa cha silinda, pale manifoldi inapofungwa, ni alumini, na bolti ikitolewa kwenye alumini ya moto inaweza kuja na nyuzi zake. Kulanti (maji ya kupoza injini) pia: throto ina hosi mbili nyembamba za maji zinazopita chini yake, na ukizivua injini ikiwa moto utaungua mikono. Weka sinia chini, punguza maji kwenye rejeta, au zibane zile hosi.

Mafuta yana presha ya zaidi ya bar 3, na hubaki ndani hata ukizima. Chomoa plagi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, washa injini, iache ijizime yenyewe. Baada ya hapo ndipo utoe waya hasi wa betri. Reli ya mafuta na nozo zake zinazopuliza petroli usiziguse kama hazikuzuii. Kuna injini ambazo reli hutoka pamoja na manifoldi na nyingine hubaki kwenye kichwa, kwa hiyo angalia yako kwanza imeshikwa wapi.

Piga picha kila hatua, kutoka pembe mbili. Kila plagi na kila hosi ibandike mkanda wa karatasi wenye namba, na namba hiyohiyo pale inapoingia. Hosi ikigoma usiivute, izungushe kwanza. Ikigoma tena, ikate kwa wembe. Hosi mpya ni bei ndogo, lakini ile pua ya plastiki ya manifoldi ikivunjika unanunua manifoldi nzima. Throto ikitoka usisukume kile kibati cha ndani kwa kidole, ina mota na gia zake.

Bolti na nati za manifoldi nyingi ni za soketi ya milimita 12. Za juu utaziona, za chini utazitafuta kwa vidole na ekstenshoni ndefu. Angalia pia kama kuna kishikilio kinachoibeba manifoldi kwa chini, maana hapo ndipo watu huvuta kwa nguvu wakidhani gasketi imeng'ang'ania, kumbe bolti moja bado. Ukihitaji kuingia chini ya gari, iwe juu ya stendi, na chini ya stendi weka ubao, kwa sababu murram ya ploti inazama. Jeki peke yake hapana. Mawe hapana.

Manifoldi ikitoka tu, kabla hujaiangalia, ziba yale matundu manne ya kichwa kwa vitambaa vikubwa visivyotoa nyuzi, kimoja kwa kila tundu na mkia wake uonekane nje. Tishu hapana. Nati ikidondoka humo inangoja valvu ifunguke, na kutoka hapo ni kichwa kushuka.

MwalimuWaNjoro

Naongeza jambo la vumbi, maana anafanyia nje. Huku kwetu miezi ya kiangazi upepo wa mchana unabeba vumbi laini sana. Nenda Kariandusi uone wanachimba nini: daiatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la zamani, karibu yote silika. Kitu cha namna hiyo kinasaga kuta za silinda. Anza saa moja asubuhi, maliza kabla upepo haujaamka, na manifoldi uliyoitoa ifunge kwenye mfuko wa plastiki, usiiache kwenye nyasi.

BungomaTurbo

Na torki, yaani nguvu ya kukaza bolti, je? Mimi miaka yote nakaza kwa mkono na sijawahi kurudiwa na gari.

FundiKibuye

Wewe mkono wako umezoea, wake bado. Bolti zote aziingize kwa vidole kwanza mpaka zikae, aanze kukaza katikati akielekea pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu, halafu amalizie kwa spana ya torki kwa namba ya kitabu cha injini hiyo. Kufungua ni kinyume chake, pembeni kuja katikati. Manifoldi za plastiki mara nyingi zina bushi ya chuma ndani ya kila tundu la bolti. Bolti ikishafika kwenye hiyo bushi, kuongeza nguvu hakuibani gasketi hata kidogo, kunang'oa nyuzi za alumini tu.

Uso wa kichwa usafishe kwa kipande cha mti au plastiki, si bisibisi. Kwenye uso wa manifoldi weka rula ya chuma iliyonyooka uangalie mwanga chini yake, kwa sababu plastiki iliyopikwa miaka mingi inaweza kupinda, na hapo gasketi mpya haitakusaidia. Gasketi ikae kavu kwenye mfereji wake. Hakuna silikoni, hakuna grisi.

LanetJuu

Imefunguka na imefungwa. Gasketi ya zamani ilikuwa bapa na ngumu, upande wa silinda ya kwanza ilikuwa imekatika kabisa. Rula imekaa sawa, hakuna mwanga. Kishikilio cha chini ndicho kilichonila saa nyingi kuliko kazi yote iliyobaki. Mwenye ploti alikuja kuuliza kama nafungua gereji, nikamwambia nasafisha gari.

Mambo mawili. Ndani ya manifoldi kulikuwa na utando wa oili, nimeufuta. Ni ugonjwa? Halafu nilipowasha, mluzi umekwisha lakini revu zilikaa 1,500 kwa muda kabla ya kushuka.

FundiKibuye

Utando ni wa kawaida, unaletwa na ile hosi ya PCV. Ungekuta oili imetuama chini kama supu ndipo ungeanza kuuliza habari za valvu ya PCV au ringi. Revu za juu ni kwa sababu ulitoa betri, kompyuta imesahau ilivyozoea throto. Iache ipate moto ikiwa imesimama, eya kondishena na taa zimezimwa, kisha endesha kawaida. Jaza kulanti, toa hewa, angalia tena ikipoa. Futa ile kodi ya P0171 kwa skana na utuletee trimu baada ya kuendesha siku kadhaa.

LanetJuu

Trimu ya muda mrefu ikiwa imesimama: +3. Taa haijarudi.

MamaProbox

Hongera kaka. Elfu nane weka tairi.

KitaleDriver

Naingilia kidogo. Mimi nina Premio yenye injini ya D4, nayo inatetemeka ikisimama na nimeambiwa manifoldi imejaa kaboni. Nifuate hatua hizihizi?

FundiKibuye

Hapana. D4 hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ndiyo maana petroli haioshi valvu za hewa na kaboni inajaa. Kaboni unaweza kuwa nayo kweli, lakini ina pampu ya pili inayoendeshwa na kemshafti, yenye presha kubwa mara nyingi kuliko ya huyu ndugu. Bomba la mafuta la pampu hiyo ukililegeza ovyo, petroli inaweza kupenya ngozi. Fungua uzi wako, uandike namba ya injini na kodi ulizosoma, tuanzie hapo.