Programu ya mishahara kwa ofisi ndogo ya uhasibu yenye wateja wengi: tuchague kwa vigezo gani?

Hesabu_Ziwa ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Tuna ofisi ndogo ya uhasibu hapa Mwanza, na mbali na kutunza vitabu vya hesabu na kuandaa ritani za kodi, tunaandaa mishahara ya wateja zaidi ya kumi: shule mbili za binafsi, hoteli moja, maduka ya vifaa vya ujenzi, kiwanda kidogo cha kusindika samaki, na asasi isiyo ya kiserikali ambayo wafadhili wake wanataka kila shilingi ionekane imetoka wapi na imekwenda wapi. Mteja mdogo kuliko wote ana wafanyakazi watatu, na mkubwa anakaribia sitini.

Mpaka sasa kazi yote inafanyika kwenye Excel. Kila mteja ana faili lake, na kila faili lilitengenezwa na mtu tofauti kwa namna aliyoona inafaa, kiasi kwamba mwenzetu mmoja akiwa likizo, aliyebaki hana hakika safu fulani inakokotoa nini. Kati ya tarehe 25, wateja wanapoanza kudai mishahara, na tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) na tozo ya ufundi stadi, hakuna anayefanya kazi nyingine hapa ofisini.

Ninachoomba kufahamishwa ni mambo matatu. Je, sehemu ya mishahara iliyomo ndani ya programu za uhasibu, kama TallyPrime ambayo tayari tunayo, inatosha, au ni lazima tununue programu ya mishahara peke yake? Je, ni bora iwe ya mtandaoni au iliyosakinishwa kwenye kompyuta ya ofisi, tukizingatia hali ya umeme na intaneti tunayoijua? Na je, leseni inayofaa ofisi kama yetu ni ile inayolipiwa kwa kila kampuni au kwa kila mfanyakazi? Sihitaji tangazo la muuzaji. Hayo nimekwisha kuletewa ya kutosha.

Mzee_wa_Leja amejibu:

Ndugu yangu wa Mwanza, jina la programu liwe jambo la mwisho kujadiliwa. Tafuteni wafanyakazi wachache wa mfano, wakokotoeni kwa mkono, kisha mwambieni kila muuzaji awaingize hao hao mbele yenu bila kumpa majibu mapema.

Wa kwanza awe mtu wa kawaida kabisa: mshahara wa 1,200,000 usio na posho, mwanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) anayekatwa asilimia 10, na mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. NSSF inachukua 120,000, na kiasi kinachotozwa kodi kinabaki 1,080,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, pamoja na asilimia 30 ya zile 80,000 zilizozidi, yaani jumla 152,000. Makato ya Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 180,000, nayo hayapunguzi kiasi kinachotozwa kodi. Mkononi anabaki na 748,000. Programu ikileta kodi ya 188,000, imetoza mshahara ghafi bila kuondoa kwanza mchango wa NSSF. Ikileta 103,000, imeondoa hata deni la Bodi kabla ya kodi. Hitilafu zote mbili nimezikuta kwenye programu zinazouzwa kwa fedha nyingi tu, na muuzaji akaniambia kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

Wa pili awe yule ambaye mwajiri amemwahidi kiasi cha mkononi, jambo la kawaida sana kwenye asasi. Mwondolee mtu wa hapo juu deni la Bodi, naye anabaki na 928,000. Sasa mwambie muuzaji aanze na 928,000 na programu irudi nyuma mpaka 1,200,000 yenyewe. Nyingi hushindwa hapo, na mhasibu anaishia kubahatisha namba juu na chini mpaka ifike.

Upande wa mwajiri usisahaulike. Tozo ya ufundi stadi humpata mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na hutozwa kwenye jumla ya malipo ya wote, si kwa yule wa kumi peke yake. Duka lenye watu 9 wanaolipwa jumla ya 6,000,000 halidaiwi kitu. Likiajiri wa kumi kwa 400,000, kwa kiwango cha asilimia 3.5 linadaiwa 224,000 kila mwezi. Programu nzuri inahesabu vichwa yenyewe na kumwonya mhasibu kabla mteja hajasaini mkataba wa ajira. Wakati huo huo ni lazima iweze kuizima tozo hiyo kwa mteja mmoja mmoja, kwa sababu hizo shule zenu mbili, kama zimesajiliwa, zina msamaha hata zikiwa na walimu hamsini.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni nani anayebadilisha viwango sheria inapobadilika. Julai 2021 kiwango cha chini cha PAYE kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8, na mwezi huo huo idadi ya wafanyakazi wa kuanzia tozo ikapanda kutoka 4 hadi 10. Julai 2023 tozo yenyewe ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Sheria ya Fedha hupitishwa mwishoni mwa Juni na kuanza kutumika Julai mosi, hivyo muuzaji asiye na fundi anayeijua kodi ya Tanzania atakuletea mabadiliko Septemba, wakati wewe umekwisha kuwasilisha ritani mbili. Muulizeni pia kama programu inatunza viwango vya zamani pamoja na tarehe zake. Mkilazimika kusahihisha mshahara wa Juni ndani ya mwezi wa Agosti, ni lazima itumie jedwali la Juni.

Bi_Mizania amejibu:

Nakubaliana na Mzee karibu kwa yote, ila naona Excel inalaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Kwa mteja mwenye wafanyakazi watatu, faili moja lililopangwa vizuri, lenye ukurasa mmoja wa viwango ambao kila fomula inausoma, halina ubaya wowote. Tatizo mlilolieleza ni kwamba mna mafaili ya wateja zaidi ya kumi yasiyofanana, na programu mpya haitawaondolea tabia hiyo ikiwa kila mmoja wenu atasajili posho kwa jina lake mwenyewe: huyu "usafiri", yule "nauli", mwingine "posho ya safari".

Hata hivyo kuna mahali ambapo Excel inaumiza kweli, na wengi hawapatambui mpaka benki ikatae faili. Namba ya kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa, ina tarakimu 20, nayo Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki huzigeuza kuwa sifuri kimya kimya. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri nayo hupoteza ile sifuri ya mbele. Dawa yake ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, si baada yake. Mtakapohamisha taarifa za wafanyakazi kwenda kwenye programu mpya, hapo ndipo pa kuanzia ukaguzi, kwa sababu tarakimu iliyokwisha kupotea hairudi kwa kubadilisha mwonekano wa safu.

Hesabu_Ziwa ameandika:

Nawashukuru sana, Mzee pamoja na Dada Mizania. Hilo la shule sikuwa nimelitazama kama kigezo cha kuchagulia programu. Naomba mnisaidie kuhusu Tally, kwa kuwa leseni tumekwisha kuilipia na mwenye ofisi anauliza kwa nini tununue kitu kingine.

Fundi_Takwimu amejibu:

Mkuu, mwenye ofisi ana hoja. Mimi nazifunga programu hizi kwa ajili ya ofisi za uhasibu, na nitasema ninachokiona bila kumpendelea yeyote.

TallyPrime inakokotoa mishahara, lakini sehemu yake ya makato ya kisheria imejengwa kwa sheria za India, hivyo hapa kwetu unaiacha kando na kuunda vipengele vyako mwenyewe. Inawezekana: kipengele cha PAYE unakipa fomula ya mshahara ghafi ukitoa NSSF, unaandika madaraja ya kodi, na kila jedwali unalipa tarehe ya kuanza kutumika, kwa hiyo lile sharti la Mzee kuhusu viwango vya zamani linatimia. Faida kubwa ni kwamba mishahara inaingia moja kwa moja kwenye leja ya mteja. Hasara ni kwamba kila mteja ni kampuni yake ndani ya Tally, na kiwango kikibadilika Julai unaingia kampuni moja baada ya nyingine kukibadilisha. Kwa wateja kumi na kitu ni asubuhi nzima ya mtu makini. Kwa wateja mia ni wazimu. Faili la kupakia kwenye mfumo wa TRA (Mamlaka ya Mapato) au wa NSSF nalo utalitengeneza kando.

QuickBooks haina jedwali la kodi la Tanzania kwenye huduma yake ya mishahara, na wengi wanaoitumia hapa hukokotoa mishahara nje kisha wakaingiza jumla kwa hati ya jono (journal). Odoo inayo sehemu ya mishahara, lakini imo kwenye toleo la kulipia, si lile la bure. Frappe HR, iliyotokana na ERPNext, ni programu huria isiyo na ada ya leseni na inahudumia kampuni nyingi ndani ya mfumo mmoja. Angalizo ni kwamba utaratibu wake wa kodi hukadiria kodi ya mwaka mzima kisha kuigawa kwa miezi, wakati PAYE yetu inakokotolewa kwa mwezi. Mfanyakazi wa hoteli mwenye saa nyingi za ziada Desemba peke yake atapata kodi tofauti na ile inayotakiwa, isipokuwa fundi akiacha utaratibu huo na kuandika fomula ya mwezi. Na neno "bure" lisiwadanganye, kwa sababu seva na fundi vinalipiwa.

Kuhusu leseni, nyie mnafaa ya kulipia kwa kila mfanyakazi, ilmradi kampuni ziwe nyingi kadiri mnavyotaka. Ya kulipia kwa kila kampuni itawafanya mlipe kwa ajili ya duka la watu watatu sawasawa na kiwanda cha watu sitini, na ada hiyo hamtaweza kumbebesha mwenye duka.

Wakili_wa_Hesabu amejibu:

Naomba niongeze jambo la kisheria, hasa kwa swali la mtandaoni au ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa mujibu wake mteja wenu ni mkusanyaji wa taarifa za wafanyakazi wake, na nyie mnaochakata mishahara kwa niaba yake ni wachakataji, na pande zote mbili zinapaswa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Programu ya mtandaoni ikitunza taarifa hizo kwenye seva iliyo nje ya nchi, huo ni usafirishaji wa taarifa nje ya mipaka, nao una masharti yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa mtandaoni liwe: seva iko nchi gani, na mkataba unasema nini juu ya hilo?

Hii haina maana kwamba kompyuta ya ofisini ndiyo salama. Nimeona ofisi ambako mishahara ya wateja wote imo kwenye kompyuta mpakato moja isiyo na nywila, inayobebwa nyumbani kila jioni. Mkichagua ya kusakinisha, nakala ya akiba itunzwe nje ya jengo na iwe imefungwa kwa nywila. Mkichagua ya mtandaoni, hakikisheni kila mmoja wenu anaingia kwa jina lake mwenyewe, ili mshahara uliobadilishwa saa tatu usiku ujulikane umebadilishwa na nani.

Kisha someni kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya kile cha bei. Mkiacha kulipia, je, mtapewa historia ya mishahara yote kwa muundo unaosomeka mahali pengine, au mtapewa hati za PDF tu? Mfanyakazi aliyeachishwa kazi anaweza kudai kiinua mgongo kinachohesabiwa kwa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mteja wenu atakuja kuwaulizeni nyie rekodi hizo.

Mzee_wa_Leja amejibu:

Nimalizie na utaratibu wa kuhama, kwa sababu Ndugu Fundi na Ndugu Wakili wamekwisha kusema ya muhimu. Msihamie Julai, viwango vinapoweza kubadilika, wala Desemba, kwa ajili ya bonasi na likizo. Februari ni mwezi mzuri. Anzeni na yule mteja wa wafanyakazi watatu pamoja na shule moja. Mishahara ya miezi miwili mfululizo ikokotolewe pande zote mbili, Excel na programu mpya, na tofauti ya hata shilingi moja itafutiwe chanzo, hata kama ni ya kukadirisha tu. Hoteli ije baadaye kwa sababu ya saa za ziada: hapo mtakagua kwamba mtu mwenye mshahara wa msingi wa 780,000 kwa wiki ya saa 45 anapata takriban 4,000 kwa saa, 6,000 kwa saa ya ziada na 8,000 kwa saa ya sikukuu. Asasi iwe ya mwisho, na wafadhili waarifiwe mapema kwamba muundo wa taarifa utabadilika, kwa maana mkaguzi wao atauliza kwa nini hati za baada ya kuhama hazifanani na za kabla yake.