Nimelipia viraka vya kerneli kwa miezi 14, seva haijapokea hata kimoja

Wakuu, naufungua uzi huu nikiwa na hasira. Jina la kampuni inayotukodishia seva silitaji, kwa kuwa data zetu bado ziko mikononi mwao.

Mfumo wa mikopo wa SACCOS yetu uko kwenye seva ya Ubuntu (mfumo endeshi wa jamii ya Linux) tuliyoikodi kwao. Wanachama huweka na kutoa fedha kwa simu usiku na mchana, hivyo kuizima na kuiwasha seva kila kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapopata sasisho kulikuwa kero, na walipotuuzia huduma ya kutia kerneli viraka (marekebisho ya kasoro) ikiwa kazini, bila kuizima seva, tuliilipia bila kuvutana bei. Teknolojia yenyewe si kiini macho: imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, na kazi yake ni kuugeuza wito wa fanksheni (kipande cha programu) yenye kasoro uende kwenye fanksheni mpya iliyopakiwa kama moduli, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kerneli ikiwa kazini.

Nilianza kutilia shaka nilipoona amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli, ikitoa namba ileile mwezi baada ya mwezi. Nilipouliza, wakanijibu kwamba kiraka hakibadilishi namba ya toleo. Jibu hilo ni la kweli kabisa, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwani walilitumia kunifunga mdomo. Wiki iliyopita nikafungua saraka ya /sys/kernel/livepatch, ambamo kila kiraka kilichopakiwa huwa na folda yake. Tupu! Seva imewaka siku 431, na hakuna hata folda moja.

Kumbe walituwekea kerneli waliyoijenga wenyewe, ilhali viraka hivi hutengenezwa kwa matoleo mahususi ya kerneli za Ubuntu, na cha toleo moja hakipachikwi kwenye jingine. Programu ya viraka imesakinishwa, inawaka, na kwenye ankara haikosekani. Ila haikuwahi kuwa na cha kupakia, na kila siku iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kerneli hii haiitambui. Hawakuzisoma. (Nami sikuzisoma, nakiri.)

Nilipowapigia, fundi wao akaniuliza, "Sasa bosi, kwa nini msingeizima tu mkaiwasha?"

Nataka fedha za miezi yote 14 zirudishwe. Jumapili saa nane usiku tutaizima seva, tuweke kerneli ya Ubuntu yenyewe, na wanachama tumeshawatangazia. Jana wametuma ankara ya mwezi huu, na huduma ya viraka imo.